Kuganga kwa Neno: Kutoka Mtunya hadi Mirembe katika Nchi ya Ugogo

Yako majina ya mahali ambayo lugha huyapokonya ardhi yake na kuyageuza matusi. Mirembe ni mojawapo. Kutoka Tanga hadi Kigoma, mtu akitenda jambo lisiloeleweka wenzake humwambia kwamba mahali pake ni Mirembe. Na mtoto wa visiwani asiyepata kuiona Dodoma hulisikia neno hilo kama mzaha kabla hajajua kwamba ni hospitali yenye vitanda, wauguzi na bustani. Unguja husemwa hivyo hivyo juu ya Kidongo Chekundu, na Nairobi juu ya Mathari. Mzaha wa aina hii si wa bure, una gharama yake. Mama aliyefiwa na mtoto na asiyelala mwezi wa tatu sasa, kijana anayeamka kila siku na uzito kifuani asioweza kuutaja, mzee anayejiona kuwa mzigo kwa wanawe, hao wote huogopa kufungua kinywa wasije wakapewa anwani ya matusi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini mtu hafichui uchi wake mbele ya watu wanaocheka.

Historia ya nchi ya Ugogo, na hasa ya eneo la Chamwino lililo kiasi cha kilomita 30 mashariki ya mji wa Dodoma, ina mengi ya kutufunza juu ya jambo hili. Ni nchi ya uwanda mkavu, mibuyu na ng'ombe, iliyoonja njaa nyingi. Ni nchi iliyojengewa hospitali kubwa ya kwanza ya serikali ya maradhi ya akili katika Tanganyika. Na tena ni nchi iliyomzaa mshairi aliyeipa lugha yetu utanzu wa majibizano. Mambo hayo matatu, njaa, hospitali na ushairi, huonekana hayana udugu. Yakitazamwa kwa makini, yote yanauliza swali moja: neno la mtu mmoja linawezaje kumponya mwingine, na ni nani wa kuaminiwa kulitamka?

Tuanze na maneno yenyewe, kwani ndiyo mali ya wasomaji wa ushairi. Kitenzi "kuganga" katika Kiswahili cha zamani kina maana mbili: kutibu, na kufunga pamoja kitu kilichovunjika ili kishikane tena. Mganga, kwa asili ya neno, ni mfungaji wa kilichoachana. Wayunani nao walikuwa na "psyche", yaani nafsi, na "therapeia", yaani kuhudumia na kutunza. Kutokana na viwili hivyo wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 waliunda jina la tiba inayotumia mazungumzo badala ya dawa au kisu. Kwa Kiswahili jina hilo limepewa sura nyingi: tiba ya kisaikolojia, tiba ya mazungumzo, ushauri nasaha, unasihi. Majina mawili ya mwisho ndiyo yaliyoenea zaidi maofisini, na ndani yake mna tatizo litakalorejewa hapo mbele, kwani nasaha ni mawaidha, na mawaidha ni kitu kingine.

Upo pia msemo ambao kila Mswahili ameusikia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mwema wa kusuluhishia ugomvi wa majirani. Lakini ukichukuliwa kuwa kanuni ya afya ya moyo, unaweza kumdhulumu mtu. Msemo mwingine, usiotajwa sana, unauonya wa kwanza: mwenye kovu usidhani kapoa. Tiba ya mazungumzo imesimama baina ya misemo hiyo miwili. Inakubali kwamba lengo ni kuganga yajayo, na inajua kwamba yaliyopita huweza kuwa ndwele hasa, ndwele iliyokaa ndani kwa sababu haikupata jina.

Wagogo walijua thamani ya kulipa jina teso. Njaa zao zina majina, na iliyo kuu kati ya zote ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Chanzo chake hakikuwa mvua pekee. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa, maghala yalikuwa matupu na mikono ya kulima haikuwapo. Kisha ikaja homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima mwaka 1918. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 wa nchi hiyo. Waliobaki walihama, wakatawanyika, wengine wakawatoa watoto wao kwa watu wenye chakula ili wapate kuishi. Hapakuwa na daktari wa kuandika kilichobaki mioyoni mwa watu hao. Kilichokuwapo ni jina, na kila aliyelitaja mbele ya mwenziwe alijua kwamba hakuwa peke yake katika habari ile.

Zilikuwapo pia njia za kulitoa teso nje ya mwili wa jamii. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ameeleza ibada ya utakaso iliyofanywa na wanawake pale mambo yalipokwenda mrama, kwa mfano ng'ombe walipopatwa na maradhi. Wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao, wakachunga mifugo mahali pao, kisha wakacheza hadi mpakani mwa nchi yao, upande wa machweo, ili uchafu ule utupwe huko usirudi. Fikra iliyomo ni nzito: mambo yakipinduka, watu nao hupindua desturi kwa muda, wakalibeba teso kwa pamoja, hadharani, kwa mwili na kwa wimbo, kisha wakaliweka mahali palipo na mwisho.

Msomaji wa pwani hatastaajabu. Katika kitabu "Desturi za Wasuaheli" kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yameelezwa mambo ya pepo na ngoma zake. Katika uganga wa namna hiyo mgonjwa huchezeshwa, na pepo huulizwa jina lake na atakalo. Mwanamke ambaye kwa adabu za nyumba yake asingeweza kudai nguo, heshima wala sikio la mumewe, hulidai kwa kinywa cha pepo, na jamaa wote husikiliza. Wapo wanaokubali kuwapo kwa pepo hao na wapo wanaokataa, na dini ina hukumu yake. Hilo si la kuamuliwa hapa. Linalotuhusu ni mpango wa shughuli yenyewe: pana mtu anayeuliza, pana jina linalotafutwa, pana maneno yanayoruhusiwa kutoka, na pana wasikilizaji. Haistahili kudai kwamba hiyo ndiyo tiba ya mazungumzo ya leo. Inastahili kukumbuka kwamba wazo la kumtibu mtu kwa kumpa nafasi ya kusema halikushuka melini kutoka Ulaya.

Lililoshuka melini kwanza lilikuwa ukuta. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakayageuza kuwa mahali pa kutunzia wenye maradhi ya akili. Nairobi ilipata nyumba ya namna hiyo mwaka 1910, ile iliyokuja kuitwa Mathari. Waingereza walipoichukua Tanganyika walijenga yao Dodoma, mji uliokuwa umefikiwa na reli ya kati tangu mwaka 1910, na mwaka 1927 ikafunguliwa hospitali tunayoiita Mirembe. Kando yake ikawapo Isanga, ya watu waliotenda makosa wakiwa na maradhi ya akili. Hivyo neno Dodoma likaanza safari yake ya kuwa tishio katika vinywa vya watu wa mbali.

Haifai kuwalaumu wote waliofanya kazi humo, kwani wengi waliwatunza watu ambao jamaa zao walikuwa wamewafunga kamba au kuwaacha njiani. Lakini lazima isemwe kwamba katika nyumba hizo mazungumzo hayakuwa tiba, na sababu ilikuwa wazi: daktari na mgonjwa hawakuwa na lugha moja. Mgogo, Mhehe, Mnyamwezi au Mmakonde aliletwa kwa amri ya mkuu wa wilaya, akaandikwa kwa Kiingereza, akajibiwa kwa ishara na kwa tarishi. Unaweza kuganga mfupa uliovunjika bila ya kuijua lugha ya mwenye mfupa. Huwezi kuiganga huzuni bila ya kuijua lugha yake.

Pengo hilo lilizaa elimu ya uongo. J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliandika ripoti kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 juu ya akili ya Mwafrika, na ndani yake akadai kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika haitumiki sawasawa na ya Mzungu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha maandishi yake juu ya Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi uligeuzwa kuwa suala la nafsi zilizovurugika. Frantz Fanon, tabibu wa maradhi ya akili aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida nchini Algeria kuanzia mwaka 1953, aliijibu elimu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la "Viumbe Waliolaaniwa". Fanon alionyesha kwamba mtu hawezi kutibiwa na anayemdharau. Hili ndilo somo la kwanza la historia hii kwa yeyote anayetafuta mtu wa kumfungulia moyo.

Huko Ulaya, wakati huo huo ukuta ulipokuwa ukijengwa Afrika, mambo mengine yalikuwa yakitendeka vyumbani. Mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud, matabibu wa Vienna, walitoa kitabu chenye habari za wagonjwa waliopata nafuu kwa kuzungumza. Mmoja wao, mwanamke aliyetibiwa na Breuer, ndiye aliyeibuni ibara ya "tiba ya kuzungumza". Yaani jina la tiba lilitoka kwa mgonjwa, si kwa tabibu. Freud alijenga juu ya hilo nadharia kubwa na ndefu, ambazo nyingi zimepingwa baadaye, lakini msingi mmoja umebaki, na Waswahili walikuwa nao katika methali: lililo moyoni, ulimi huiba. Carl Jung, mwanafunzi wake aliyekuja kumpinga, alishuka Mombasa mwaka 1925, akapanda treni kwenda bara na kufika mpaka Mlima Elgon, akiwauliza wenyeji habari za ndoto zao. Alikuja kutafuta alichodhani ni utoto wa binadamu, na katika hilo hakuwa mbali na makosa ya wakati wake. Walakini aliuliza na akasikiliza.

Baadaye njia ziliongezeka. Carl Rogers nchini Marekani, tangu miaka ya 1940, alifundisha kwamba anayesaidia hapaswi kuwa hakimu wala mwalimu: awe mkweli, amheshimu aliye mbele yake bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya mtu huyo. Aaron Beck, katika miaka ya 1960, aliona kwamba watu wenye sonona hurudia fikra zile zile zinazowahukumu, akabuni njia ya kuzikamata fikra hizo, kuzipima kwa ushahidi na kubadilisha vitendo vya kila siku. Wengine walishughulikia ndoa na familia nzima, wengine makovu ya vita na ubakaji. Vilevile dawa za kwanza zenye nguvu za kutuliza maradhi makali ya akili zilipatikana Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hivyo basi tiba ikawa na mikono miwili, wa dawa na wa neno, na hospitali nyingi za nchi maskini ziliupata mmoja tu.

Turudi Ugogo. Mwaka 1917, mwaka ambao Mtunya ulianza, alizaliwa huko Ihumwa, jirani na Chamwino, mtoto aliyeitwa Mathias Mnyampala. Alichunga mifugo, akasoma kwa wamisionari, akawa mwalimu, karani, liwali na hakimu. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake "Historia, Mila na Desturi za Wagogo", alichokiandika kwa Kiswahili ili wasiokuwa Wagogo nao waijue nchi hiyo. Washairi wa pwani, ambao wakati huo walizoea kuona diwani zikitoka Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, walimpokea Mgogo huyu kama mwenzao, kwani vina na mizani vyake havikuwa na kasoro. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Nyerere alipowataka washairi waieneze siasa mpya, Mnyampala, aliyekuwa mwenyekiti wa UKUTA, aliitika kwa ngonjera: mashairi ya majibizano yaliyotungwa yatambwe hadharani na watu wawili au zaidi. Alifariki mwaka 1969, na "Ngonjera za UKUTA" zikachapishwa akiwa hayupo.

Ngonjera ina mpango wake. Mmoja hajui au amekosea, mwingine anajua. Wa kwanza huleta hoja, wa pili huijibu. Wa kwanza hulegea, na mwisho wote wawili huafikiana juu ya lililo jema. Kizazi kizima cha watoto wa Tanzania kilisimama kwenye mistari mbele ya shule kikitamba ngonjera za kilimo, usafi na umoja, na sikio la taifa likazoea muundo huo. Ulifaa kazi yake. Hapana ubaya kumfundisha mtu kuchemsha maji kwa vina.

Lakini moyo wenye maradhi si darasa. Hapa ndipo lile neno "nasaha" linapoleta tatizo. Mtu akienda kwa mnasihi huku sikio lake limezoea ngonjera, hutarajia kuambiwa alipokosea. Na mnasihi aliyekulia katika ngonjera hutarajia kumwambia. Mjane hufika akasema hana hamu ya kula tangu alipofiwa, naye hujibiwa kwamba ajikaze, amshukuru Mungu, awafikirie watoto. Kila neno hapo ni la kweli, na hakuna hata moja alilokuwa halijui. Mjane hulegea, huafiki, hushukuru, na hurudi nyumbani na mzigo ule ule pamoja na mwingine mpya: aibu ya kutoponywa na maneno mema. Tiba ya mazungumzo huanza kwa kuugeuza mpango wa ngonjera. Katika tiba hiyo, anayejua ni yule aliyekuja na maumivu, kwani ndiye aijuaye siri ya mtungi. Na kazi ya mwenye utaalamu ni kuuliza, kusikiliza, kumrudishia maneno yake yakiwa yamepangika, na kumsaidia ajaribu hatua ndogo anazoziweza. Maafikiano yakija, yawe ya mtu na nafsi yake.

Kuna jambo jingine lililofanywa Dodoma katika enzi ya ujamaa ambalo linastahili sifa. Huko Hombolo kilianzishwa kijiji cha wagonjwa wa akili waliopata nafuu, walime na kuishi pamoja na jamaa zao badala ya kuzeekea wodini. Hata Chamwino yenyewe ilikuwa shule ya namna yake: katika Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walikusanywa kutoka makazi yao ya kutawanyika na kuwekwa vijijini, na Mwalimu Nyerere alishiriki kazi ya mikono pamoja na wanakijiji. Wapo waliopata maji, shule na zahanati; wapo pia walioacha nyuma makaburi ya wazee na malisho waliyoyajua. Faida ilihesabiwa katika ripoti. Hasara ya moyo haikuwa na safu ya kuandikwa.

Je, tiba hii inafaa kwa watu wa vijijini, au ni anasa ya wenye makochi ya ngozi? Swali hilo limejibiwa na Afrika Mashariki yenyewe. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, zilizopigwa sana na UKIMWI, watafiti waliwauliza kwanza wenyeji huzuni huitwaje kwa lugha yao. Wakaambiwa majina mawili ya Kiganda: "yo'kwekyawa", yaani kujichukia, na "okwekubazida", yaani kujihurumia. Kisha vikundi vya wanawake peke yao na wanaume peke yao vilikutana kwa wiki 16, kila mara dakika 90, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo, vikizungumza juu ya misiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: katika waliohudhuria vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, katika wasiohudhuria, asilimia 54.7. Hapakuwa na dawa, wala kochi, wala shahada ukutani.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare mjini Harare, akiwafundisha kukaa bencini nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Walikataa majina ya kizungu. Walitumia neno la Kishona "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi. Mswahili atalifahamu mara moja, kwani kwetu mtu mwenye dhiki ya moyo husemwa ana mawazo. Benchi hilo limefika hata Zanzibar. Na mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Moshi na Bungoma, ambamo watoto 640 waliofiwa na wazazi walishughulikiwa, na wasaidizi wasiokuwa madaktari walifunzwa kuwaongoza watoto na walezi wao katika kuisimulia habari ya kifo kidogo kidogo hadi iache kuwatisha. Katika kazi zote hizo tatu jambo moja halikubadilika: msikilizaji alifunzwa, na aliye juu yake kwa ujuzi alimsimamia. Huruma peke yake haikutosha, na shahada peke yake haikuhitajika.

Kutokana na historia hii, mkazi wa Chamwino, kama wa Mkoani au Faza, anaweza kujitolea mizani ya kumpima anayetaka kumkabidhi moyo wake. Kwanza, amefunzwa wapi, na ni nani anayemsimamia? Mwenye elimu hakasiriki akiulizwa. Kuuliza si ujinga. Majina pia yatofautishwe: daktari wa maradhi ya akili amesomea udaktari na anaweza kuandika dawa, mwanasaikolojia wa tiba amesomea njia za mazungumzo na upimaji, mnasihi aweza kuwa na mafunzo marefu au ya wiki chache, na ni haki ya mtu kujua ni yapi. Tanzania imekuwa na Sheria ya Afya ya Akili tangu mwaka 2008, na Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria maalumu ya kusajili wanasihi na wanasaikolojia.

Pili, siri. Kabla ya kusema lolote, mtu aelezwe kitakachofichwa na kisichoweza kufichwa, kwa mfano pale uhai unapokuwa hatarini. Katika kijiji ambamo kila mtu ni jamaa ya kila mtu, sharti hili ni zito kuliko mjini, na aliyelivunja kwa mmoja atalivunja kwa wote. Tatu, lugha. Mtu achague anayeweza kulia mbele yake kwa lugha aliyolilia utotoni, iwe Kigogo, Kitumbatu au Kibajuni. Nne, mpango. Mtibu mwema hueleza anatumia njia gani, wataonana mara ngapi, itagharimu nini, na watajuaje kwamba mambo yanasonga mbele. Tano, mipaka. Anayedai kuponya kila kitu, anayekataza dawa za hospitali, anayetaka mapenzi au fedha za pembeni, anayemwaibisha mtu kwa dini yake, kabila lake au dhambi zake, huyo aachwe siku hiyo hiyo, hata kama ana cheo. Kwa anayesikia sauti zisizokuwapo, aliyepoteza fahamu za mambo, au mwenye kifafa, mazungumzo peke yake hayatoshi na hospitali ndiyo njia. Na anayefikiri kujiua asingoje miadi, bali apelekwe kituo cha afya na asiachwe peke yake.

La sita ni kuaminiana, nalo limethibitishwa na watafiti mara kwa mara: kuaminiana baina ya wawili hao hubashiri nafuu kuliko jina la njia inayotumika. Baada ya mikutano michache mtu ajiulize kama anasikilizwa au anatambiwa ngonjera. Akiona hasikilizwi, aseme. Akisema na bado hasikilizwi, ahame. Kumwacha mtibu asiyefaa si utovu wa adabu. Wala haina maana kwamba imamu, padri, shangazi au rafiki hawana nafasi. Nafasi yao ni kubwa, na mara nyingi ndio wa kwanza kuona. Wenye hekima kati yao hujua pia ni wakati gani wa kumshika mtu mkono na kumpeleka kwa mwingine.

Chamwino ya leo ina wilaya yake tangu mwaka 2007, na Ikulu mpya iliyofunguliwa rasmi mwezi Mei 2023, baada ya serikali kuhamia Dodoma. Mirembe nayo ni hospitali ya taifa. Mamlaka ya nchi na nyumba ya walioumia akili zimekuwa majirani katika uwanda ule ule uliowahi kuzika watu wa Mtunya. Ujirani huo ungeweza kulibadilisha neno. Kazi ya kwanza haihitaji bajeti na iko mikononi mwa kila anayeipenda lugha hii: kulirudisha jina la Mirembe kutoka kwenye orodha ya matusi hadi kwenye orodha ya mahali pa kugangia. Siku mtu atakapoweza kusema, bila kushusha sauti, "Nimetoka Mirembe, nimezungumza na mtu, nimelala usingizi", na aliye mbele yake akamjibu, "Pole, na hongera", hapo kitakuwa kimegangwa kitu kilichovunjika kabla ya yeyote kati yao kuzaliwa.